Uliza Jikoni Mbwa Alipata Joto Lini

Mtu akikuambia mbwa wake alipata joto "wakati wa kupanda", usiandike chochote kwanza. Muulize amejuaje. Kama alimwona mwenyewe, andika. Kama aliambiwa, mtafute aliyemwambia. Na kama anakohoa kidogo kabla ya kujibu, funga daftari, maliza chai yako, halafu tafuta njia ya kufika jikoni.

Nawaambia nyinyi mnaotoka chuoni sasa na vyeti vyenu vya mifugo. Kila mkija kunisalimu mnaniuliza lile lile: mbwa jike atolewe kizazi lini? Mnataka nambari. Nambari nitawapa, hazina siri. Lakini kosa kubwa kuliko yote niliyofanya katika kazi hii halikutokana na nambari. Siku nilipolifanya, nambari nilizijua zote.

Basi tuzimalize kwanza ili mnisikilize vizuri. Mbwa ambaye hajawahi kupata joto, na ana afya, mfanyie akiwa na miezi sita hivi. Hakuna haja ya kungoja azae mara moja kwanza. Watu walisema hivyo wakati wangu na bado wanasema, na sijaona mbwa aliyefaidika. Akishaingia kwenye joto, yaani zile wiki tatu anapovimba nyuma, anatoa damu na kuvuta madume wa mtaa mzima, usimguse. Mishipa ya kizazi huwa imenenepa na damu inavuja kwa urahisi. Ngoja miezi miwili au mitatu, kila kitu kinywee. Akiwa ananyonyesha, ngoja watoto waache na chuchu zikauke. Na yule mbwa mzee aliyemaliza joto mwezi uliopita, anayekunywa maji karai zima, hataki kula na ananuka usaha, huyo hangoji hata kesho. Usaha umejaa ndani ya kizazi. Unampasua leo, au unamzika Jumamosi.

Nambari zimeisha. Sasa tuongee kazi.

Mimi naitwa Rael. Nilianza katika ofisi ya mifugo mjini Eldoret nikiwa msichana, wakati wa chama kimoja, na nikastaafia hapo hapo. Siku hizo mwanamke mwenye koti jeupe na gambuti aliwasumbua watu, hawakujua wamwite nani. Wenye adabu waliniita Madam. Makondakta wa stendi waliniita Mama Mbwa. Niliitikia yote mawili, ila moyoni nilitaka jina la tatu, ambalo nitalifikia.

Kazi kubwa ilikuwa ng'ombe: majosho, chanjo, kupima mimba. Mbwa walipewa Alhamisi asubuhi, basi. Chumba chenyewe kilikuwa na meza moja ya mabati, dirisha moja, picha ya Rais ukutani kama ofisi zote, na stovu ya mafuta ya taa ambayo juu yake tulichemsha makasi na koleo ndani ya sufuria. Nyinyi mna mashine. Sisi tulikuwa na sufuria, na ole wake mtu aliyeitumia kupikia chai.

Aliyenifundisha alikuwa Daktari Koech, mtu mrefu, mpole, aliyevaa gambuti hata kwenye harusi. Kabla ya kupasua aliosha mikono kwa muda wa wimbo mmoja wa kanisani, beti zote, akiuimba puani. Ukimsemesha katikati alianza upya ubeti wa kwanza. Nilijifunza kunyamaza kwa sababu hiyo tu. Leo mnanunua dawa ya mikono ya bei kali, na sina neno nayo, lakini vidonda vya Daktari Koech havikuoza.

Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja wa Cheptiret. Huyu alifika ofisini akiwa amekasirika, akasema mbwa wake alizaa na watoto wote wakaibwa. Ushahidi wake ulikuwa kwamba mbwa alikuwa na maziwa, amejichimbia kiota stoo, na anauma kila anayekaribia. Alitaka vitu viwili: polisi wapate wezi, na sisi tumtoe mbwa kizazi wiki hiyo hiyo. Tulienda na Land Rover ya ofisi. Mbwa tulimkuta stoo amelala ubavu, amekumbatia gambuti la kushoto la mwalimu, analilamba na kulisukuma kwenye chuchu.

"Mwalimu," Daktari Koech akauliza, "hawa watoto waliibwa, wewe uliwaona?"

"Sasa kama si kuzaa, maziwa yametoka wapi?" mwalimu akajibu.

Kutoka dirisha la jikoni mke wake alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo mbwa haijazaa kitu! Tangu ikuwe kwa joto, nilifungia kwa stoo mimi mwenyewe, na ufunguo nikaweka kwa shingo."

Jike akipita kwenye joto bila kupata mimba, mwili wake wakati mwingine hudanganyika kwamba amezaa. Maziwa yanakuja, anatafuta kitu cha kulea. Huyo naye usimpasue mpaka maziwa yakauke. Daktari aliagiza gambuti lifichwe na ugali upunguzwe. Mwalimu akauliza sasa yeye atavaa nini shambani. Niliicheka safari hiyo mwaka mzima. Ingekuwa afadhali ningejifunza badala ya kucheka, kwa sababu jibu lilitoka dirisha la jikoni na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Sasa nifike kwa Shaba, yule mbwa wa kosa langu.

Mama Wairimu alikuwa wa Kiplombe. Wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a yeye akiwa mtoto mchanga, na yeye na mumewe, Mzee Kamau, walikuwa na ekari chache za mahindi na ng'ombe wawili. Mzee alikuwa na duka la misumari na mabati mjini. Aliondoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likizama, kwa hiyo boma lilikuwa mikononi mwa Mama. Alikuja ofisini mwezi wa January akitoka kuuza mayai, akasimama mlangoni na kikapu kitupu.

"Madam, kuna dawa ya kufanya mbwa isizae?"

"Kuna operesheni, Mama. Inatolewa kizazi."

"Na haizai tena?"

"Haizai tena."

Alifikiri kidogo. "Yetu imezaa mara tano. Mzee anasema hapa kwetu ni mbwa moja. Zile ndogo natia kwa gunia, naenda nazo mto."

"Wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine? Watoto hawawezi. Mzee yuko duka." Akahamisha kikapu mkono wa pili. "Ya mwisho zilikuwa nane. Mimi sitaki kuenda huko tena, Madam. Hiyo tu ndiyo nimekuja kusema."

Hakulia wala hakuinua sauti. Nilimpa fomu. Fomu ile ilitaka sahihi ya mwenye mbwa, na mwenye mbwa alikuwa Mzee Kamau.

Mzee Kamau alikataa. Alikuwa amesikia kwamba mbwa aliyetolewa kizazi anaacha kubweka, na mbwa asiyebweka ni wa nini? Msicheke, hata leo mtaambiwa hivyo. Koo haliko karibu na kizazi. Mbwa huyo atabweka vile vile; kitakachobadilika ni kwamba atanenepa msipompunguzia chakula, halafu watu watasema ameacha kukimbiza wezi. Nilimweleza Mama haya, naye akamweleza Mzee. Fomu ilirudi mara mbili bila sahihi. Mara ya tatu, mwezi wa June, Mama alituma habari kwamba Mzee yuko tayari, ila anataka kwanza aone daktari kwa macho yake.

Daktari Koech alikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa huko mbele, kwa hiyo alinishusha kwenye lango la Mzee Kamau akaendelea. Ilikuwa mara ya kwanza kutumwa peke yangu kuamua. Nilikuwa nimepiga pasi koti.

Pale langoni kulikuwa na harufu kali ya mafuta ya taa. Nilidhani stovu imevuja. Mama Wairimu alitokea kwenye kona ya nyumba, anapangusa mikono kwa leso. "Karibu huku, Madam. Kuna moto," akasema, akinielekeza jikoni. June ya Eldoret mnaijua, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Kwenye boma lile wageni wa kike walipita jikoni, na wanaume na watu wa serikali walipita mlango wa mbele. Wakati huo huo mlango wa mbele ukafunguka, Mzee Kamau akatoka na koti lake la Jumapili.

"Daktari!" akasema. "Karibu, karibu kwa kiti."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita Daktari. Nikaenda kwa kiti.

Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, na mimi nilikaa kwenye kile kikubwa. Chai ililetwa. Mama aliimimina, akarudi kusimama karibu na mlango wa ndani, kama ilivyokuwa desturi mwenye nyumba akiongea na mgeni wa kazi. Nikatoa daftari.

"Mzee, hii mbwa ilikuwa kwa joto mara ya mwisho lini?"

Mzee Kamau akakohoa. "Ilikuwa... tulikuwa tunapanda. March hivi."

March mpaka June ni miezi mitatu. Nambari nzuri kabisa. Hata hivyo nilimgeukia Mama, kwa adabu tu. "Ni hivyo, Mama?"

"Mzee amesema," akajibu.

Nikaandika March.

Mkiwa na akili mnajiuliza kwa nini nilimuuliza mtu ambaye alimwona mbwa wake gizani asubuhi na gizani jioni. Nilimuuliza kwa sababu yeye ndiye mwenye boma, na mgeni humuuliza mwenye boma. Naye angejibu nini? Akiwa ameulizwa kitu cha nyumbani kwake, mbele ya mke wake, na mtu wa serikali ambaye yeye mwenyewe ametoka kumwita Daktari, aseme hajui? Na Mama amsahihishe mbele yangu? Haikuwezekana. Kila mmoja wetu alikaa mahali pake vizuri sana, na mbwa akabaki hana wa kumsemea.

Tulitoka kumwona. Shaba alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, masikio mapana, macho ya upole. Alikuwa amefungiwa kwenye nyumba ya kuku. Alikuwa ameoshwa kwa sabuni, manyoya bado mabichi, na nilifurahi nikidhani ameoshwa kwa heshima yangu. Nilipomwinua mkia niliona amevimba kidogo. Nikajiambia mbwa aliyezaa mara tano harudi kuwa kama mwanzo, jambo ambalo ni kweli. Damu sikuona. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Iko sawa, Daktari?"

"Iko sawa, Mzee." Akaweka sahihi pale pale, juu ya jalada la daftari langu.

Alhamisi Mama alimleta kwa kamba, kwa miguu, kutoka Kiplombe mpaka mjini. Akakaa kwenye benchi nje. Daktari Koech akaimba beti zake. Nikampiga Shaba sindano ya usingizi, nikamnyoa tumbo, nikampaka spiriti. Daktari akapasua, akaingiza kidole, akavuta pembe ya kwanza kati ya mbili za kizazi, akaifunga kwa uzi, halafu akasimama.

Ilikuwa nene, nyekundu iliyokolea, imejaa. Mishipa ya pembeni, ambayo huwa kama uzi wa kushonea, ilikuwa kama penseli.

"Madam," akasema bila kuinua macho, "nani amesema March?"

"Mwenye mbwa."

"Hii si March. Hii ni wiki hii."

Huwezi kurudisha na kushona hivi hivi, au tuseme unaweza, lakini alikuwa amekwisha kufunga upande mmoja. Akaendelea. Upande wa pili uzi uliteleza, na tumbo likajaa damu kwa muda mfupi kuliko ninavyotumia kuwasimulia. Sikuona kitu isipokuwa wekundu. Yeye aliingiza mkono wote, akafunga macho, akatafuta kwa vidole. Nilikuwa namhesabia Shaba pumzi kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Nilihesabu na huku nafikiria kile kiti chenye kitambaa. Niliona aibu, si ya kuonekana na watu, ile nyingine inayokujia hata kama hakuna anayekuangalia.

Alipata mshipa. Akafunga mara mbili, halafu mara ya tatu. Akatoa kizazi, akashona. Fizi za Shaba zilikuwa nyeupe kama karatasi. Tulimtundikia maji ya chumvi kwenye mshipa wa mguu, tukajaza maji moto kwenye chupa za soda, tukazifunga vitambaa na kumzungushia, tukamfunika blanketi la ofisi. Hiyo ya chupa mnaweza kuitumia hata leo stima ikipotea. Mbwa aliyepoteza damu anakufa na baridi kabla ya kufa na kitu kingine.

Nilitoka nje kumwambia Mama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Alisimama kwenye benchi akatazama damu kwenye koti langu.

"Kizazi kimetoka?" akauliza.

"Kimetoka, Mama. Lakini amepoteza damu nyingi. Sijui kama ataamka."

"Lakini kimetoka."

"Kimetoka chote."

Akakaa. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Nilifikiri hakunielewa.

Shaba aliinua kichwa baada ya saa ya chakula cha mchana kupita. Jioni alikunywa maji. Tulikaa naye siku tatu, na Jumapili Land Rover ikamrudisha kwao. Kabla ya hapo, Daktari Koech aliniita nje, tukasimama kando ya gari. Hakunikemea. Angenikemea ningeona ahueni.

"Ulikaa wapi?" akauliza.

"Sitting room."

"Na ugali ya mbwa inapikwa wapi?"

"Jikoni," nikasema.

"Wewe una bahati, Madam. Mimi nikiingia jikoni ya mtu, Mzee anauliza natafuta nini. Wewe ukiingia hakuna anayeuliza. Halafu unakaa kwa kiti." Akapanda gari. Hakuligusia tena maisha yake yote, na mimi sikupata siku ya kulisahau.

Tangu siku hiyo nilibadilisha kazi yangu. Nilisalimia mlango wa mbele, nikapokea heshima zangu, halafu nikasema naomba kunawa mikono, na maji ya kunawa yako jikoni. Huko nilikaa. Na sikuuliza tarehe, kwa sababu mama wa boma hakupi tarehe. Anakuambia madume yalijaa hapa siku watoto walifunga shule. Anakuambia ilikuwa tunapalilia mara ya pili, alikula kifaranga wiki hiyo hiyo. Unahesabu wewe. Ukimuuliza mara ya mwisho alipofagia damu kwenye kibaraza, atakuambia mpaka siku, kwa sababu ni yeye aliyefagia. Na kama macho yako yanakuonyesha kitu na mdomo wa mtu unasema kingine, andika vyote viwili, usichague kwa sababu ya koti la Jumapili.

Nilirudi kwa Mama Wairimu baada ya miaka kadhaa. Chifu alikuwa ametangaza kwenye baraza kwamba mbwa wote wachanjwe dhidi ya kichaa, atakayepatikana bila cheti apigwe risasi, na tulikuwa tunazunguka boma kwa boma. Shaba alikuwa mzee sasa, mdomo mweupe, mnene kuliko nilivyoagiza. Alinibwekea kuanzia lango mpaka mlangoni. Nilipita moja kwa moja mpaka jikoni. Mama alinipa kigoda, akanipa chai, Shaba akaja akajilaza juu ya miguu yake.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nataka kukuomba msamaha. Ile siku niliandika March. Ningekuuliza wewe vizuri."

Alisukuma kuni ndani. "Ungeniuliza, ningesema March."

Sikuelewa.

"Ilikuwa kwa joto wiki hiyo," akasema. "Madume yaliruka ua. Moja ilimfikia, niliona na macho. Nikamfungia kwa kuku, nikamwaga mafuta ya taa kwa gate, ndio zingine zisikuje. Asubuhi yenye ulikuja nikamuosha."

"Ulijua?"

"Ile fomu ilikuwa inaandika kila kitu, na watoto wakanisomea. Kama iko kwa joto, ngoja miezi tatu. Mbwa inabeba miezi miwili, Madam. Miezi tatu yenu ikiisha, mimi nishaenda mto. Na Mzee alikuwa amekubali siku hiyo moja. Ya kesho singejua."

Nilikaa na kikombe mkononi. Hesabu yake ilikuwa sawa. Yetu ndiyo iliyokuwa na shimo. Mbwa aliyepandwa hangoji miezi mitatu. Unangoja wiki nne hivi, joto limeisha, mishipa imeanza kunywea, mimba bado changa, na unamfanyia bila hatari kubwa. Mzee alikuwa ameshaweka sahihi, ningesema tu Alhamisi zote za mwezi huo zimejaa. Hilo lilikuwa la sentensi mbili. Hakulisikia kwa sababu fomu haikuliandika, na mimi niliyelijua nilikuwa nimekaa mbali na moto wake.

"Angeweza kufa," nikasema.

"Nilijua." Akaweka mkono juu ya kichwa cha Shaba, akamkuna nyuma ya sikio, na yule mbwa akafumba macho. "Yeye nilimpenda. Nampenda. Lakini yeye ni moja, Madam. Zile zilikuwa nyingi, na zilikuwa zinalia ndani ya gunia njia yote."

Nilimwambia habari ya wiki nne. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa mbona hukukuja hapa?"

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa anauliza tu.

Nje lango likalia. Siku hizo Mzee Kamau alikuwa akifunga duka mapema kwa sababu ya magoti. Aliinama kwenye mlango wa jikoni, akanikuta nimekaa kwenye kigoda na majivu kwenye viatu, akashtuka.

"Daktari! Unakaa kwa moshi? Njoo huku kwa kiti."

"Asante, Mzee," nikamwambia. "Niko kazini."